Hadithi Nyepesi na Msomaji Mpya

Katika siku za karibuni tumesoma upya riwaya kadhaa za Kiswahili, mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi, na katuni zilizotoka zamani magazetini. Tumevisoma pamoja kwa makusudi, kwa kuwa shuleni aghalabu hutengwa: riwaya nzito husomwa darasani, hadithi za upelelezi hufichwa chini ya dawati, na katuni huhesabiwa mchezo wa watoto. Je, historia ya usomaji nchini mwetu inaukubali utengano huo?

Tuanze na msomaji mwenyewe. Mwaka 1967 watu wazima wa Tanzania wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kiasi cha theluthi mbili. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia 1986, kwa hesabu za Serikali, waliobaki walikuwa kiasi cha mmoja katika kila kumi. Kazi hiyo ilikuwa kubwa. Lakini kisomo ni kama jembe: lisipolimiwa hushika kutu. Mtu aliyezijua herufi jana hakuweza leo kukabidhiwa Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, ambayo hoja zake za sheria na haki zimevikwa mafumbo. Alihitaji kwanza maandishi ya kumvuta ukurasa hadi ukurasa.

Maandishi hayo yalikuwapo. Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona mwaka 1974. Katika gazeti la Uhuru, Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory aliwachekesha wananchi kwa mambo ya mitaani kwao. Na katika miaka ya 1980 vijana walipokezana jarida la Sani.

Wala hayo hayakuwa mapumbazo matupu. Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, hakubali kifo kisingiziwe mzimu. Huvuta kiko chake, huuliza, hupima maneno ya watu, hata mkono wa binadamu ukaonekana. Hilo ni somo la kutumia akili mbele ya hofu. Musiba naye aliifungamanisha hadithi yake na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoanza 1963 na kuwa na makao yake Dar es Salaam. Msomaji akahisi kwamba vita vya kuikomboa Afrika ya kusini vilimhusu hata yeye.

Hata hivyo, hatuna budi kusema kweli. Katika nyingi ya hadithi za namna hii mwanamke hufanywa chambo, ngumi hushinda hoja, na mhalifu mmoja akikamatwa dunia yote huonekana kutakata. Hapo ndipo riwaya nzito inapopokea zamu. Katika Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979, pingu za mtu mmoja hazitoshi: linaloshtakiwa ni taratibu zima la kikoloni, na jibu lake ni mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo kuna wakati ilizuiwa shuleni, maangamizi ya msichana yana wadaiwa wengi: baba, shule, na jamii nzima. Msomaji aliyezoezwa na Bwana Msa kuuliza ni nani aliyetenda, sasa huuliza ni kwa nini limetendeka.

Baina ya hayo mawili imesimama hadithi fupi. Kicheko cha Ushindi, mkusanyiko wa Mohamed Suleiman Mohamed wa mwaka 1978, una hadithi zinazomalizika kwa kikao kimoja, lakini hukaa moyoni siku nyingi. Ni daraja lifaalo kwa mwanafunzi.

Yafaa basi mwalimu amwonapo mwanafunzi na kitabu cha upelelezi asimnyang'anye. Amwulize mhalifu ametambulikanaje, na ni jambo gani mwandishi hakulieleza. Kisha ampe kitabu cha pili, kilicho kizito kidogo kuliko cha kwanza. Taifa lililowafundisha watu wake herufi lina deni la kuwapa cha kusoma, na deni hilo halilipwi kwa vitabu vya mitihani peke yake.