Jina na Injini: Barua za Mashabiki na Ufufuo wa Star Trek

Muhula uliopita, katika mjadala wa darasani kuhusu harakati za kijamii, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri siku ile. Je, watu wasio na cheo wala fedha wanaweza kumbadilisha nia mwenye mali kwa kumwandikia barua tu? Nilimtajia migomo ya wafanyakazi, naye akanikumbusha kwa adabu kwamba aliuliza juu ya barua, si migomo. Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Nimeuchukua mfano unaoonekana kuwa wa mchezo, yaani mashabiki wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek, kwa sababu historia yao inaonyesha wazi nguvu ya maombi ya umma na pia mpaka wake.

Star Trek, iliyotungwa na Gene Roddenberry, ilianza kuoneshwa nchini Marekani na shirika la NBC tarehe 8 Septemba 1966. Ilisimulia safari za chombo cha angani kiitwacho Enterprise katika karne ya 23. Miongoni mwa maofisa wa chombo hicho alikuwamo mwanamke mweusi, Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya ilipokaribia kujitawala, na kwamba jina la mhusika wake lilichipuka hapo. Kwa hiyo neno la Kiswahili lilikuwamo ndani ya chombo hicho tangu mwanzo. Alisimulia pia kwamba alipotaka kujiuzulu, Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Hili litusaidie kuelewa kwa nini watu wazima walikuwa tayari kuipigania tamthilia. Katika nchi iliyokuwa ikigombana juu ya rangi ya ngozi, hadithi hii iliwaonyesha kesho ambamo ugomvi huo umekwisha.

Hata hivyo, idadi ya watazamaji haikuwaridhisha wenye shirika, na mwishoni mwa 1967 zikaenea habari kwamba tamthilia ingefutwa. Mke na mume wa California, Bjo na John Trimble, wakaanzisha kampeni ya barua. Hapakuwa na intaneti. Walitumia orodha za anwani, stempu na uvumilivu. Maelekezo yao yanafaa kusomwa na mwanaharakati yeyote: kila mtu aandike barua yake kwa maneno yake mwenyewe, aandike kwa heshima, kisha awaombe watu kumi wengine wafanye vivyo hivyo. Januari 1968 wanafunzi wa chuo cha Caltech waliandamana hadi ofisi za NBC mjini Burbank. Kwa hesabu ya shirika lenyewe, barua zilizopokewa zilikaribia 116,000. Tarehe 1 Machi 1968 NBC ikatangaza hewani kwamba Star Trek ingeendelea.

Mwanahistoria hana budi kuongeza kwamba Roddenberry aliiunga mkono kampeni hiyo chinichini. Vuguvugu la umma mara nyingi huwa na rafiki ndani ya jengo, na kuwa naye si aibu. Aibu ni kusimulia baadaye kana kwamba hakuwapo.

Furaha ya mashabiki haikudumu. Msimu wa tatu ulipangwa Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana wengi, ambao ndio waliokuwa watazamaji wake, hawako nyumbani. Bajeti ilipunguzwa, na Roddenberry akajitenga na uendeshaji wa kila siku. Sehemu ya mwisho ilioneshwa tarehe 3 Juni 1969, ikiwa ya 79. Hapa pana somo ambalo kila aliyewahi kupeleka malalamiko ofisini analijua: ombi laweza kukubaliwa kwenye karatasi, kisha likanyongwa katika utekelezaji. Shirika lilitimiza neno lake, lakini likaipeleka tamthilia mahali ambapo isingeonekana.

Lakini msimu ule uliodhoofishwa uliifikisha tamthilia kwenye wingi wa sehemu uliotosha kuvishawishi vituo vidogo vya televisheni kuirudia kila siku. Katika marudio hayo ikapata watazamaji wapya, wengi wao vijana. Mkutano wa mashabiki uliofanyika New York Januari 1972 ulitarajiwa kuwa na mamia ya watu, lakini wakafika zaidi ya 3,000. Ikafuata tamthilia ya katuni mwaka 1973, filamu ya sinema mwaka 1979, na mwaka 1987 tamthilia mpya kabisa, yenye maofisa wapya, jambo ambalo mashabiki wengi walilitilia shaka. Walikuwa wametumaini kurudishiwa walichokipoteza. Walichopewa ni kitu kingine, nacho kikadumu misimu 7. Tumaini la kufufua jambo likishikwa kwa ukaidi huweza kugeuka kuwa kiu ya kuirudisha jana, na jana hairudi.

Tuone sasa mahali nguvu ya mashabiki ilipogonga ukuta. Mwaka 2005 tamthilia nyingine ya mfululizo huo, iliyoitwa Enterprise, ilifutwa baada ya misimu 4. Safari hii mashabiki walianza hata kuchangisha fedha ili kugharimia msimu wa tano. Wenye hadithi hawakukubali. Miaka michache baadaye kundi jingine lilichangisha zaidi ya dola milioni 1 kutengeneza filamu yake lenyewe, Axanar. Desemba 2015 kampuni za CBS na Paramount zikafungua kesi ya hakimiliki, ambayo ilimalizwa kwa makubaliano Januari 2017. Katikati ya kesi hiyo zilitolewa kanuni: filamu ya shabiki isizidi dakika 15, au dakika 30 ikiwa na sehemu mbili. Shabiki anakaribishwa kuipenda hadithi, kuinunua na kuitetea. Akianza kuitawala, huoneshwa hati.

Uingereza ilipita njia tofauti. Doctor Who ya BBC, iliyoanza tarehe 23 Novemba 1963, ilisimama mwaka 1989. Ukiacha filamu moja ya televisheni mwaka 1996, haikuonekana hadi 26 Machi 2005. Katika miaka hiyo ya ukame, mashabiki waliandika riwaya na kurekodi michezo ya sauti kwa idhini ya wenye haki. Mmoja wa walioandika riwaya hizo, Russell T Davies, shabiki tangu utotoni, alikuwa wakati huohuo akijijengea jina katika uandishi wa televisheni. BBC ilipoamua kuirudisha tamthilia, yeye ndiye aliyekabidhiwa usukani. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Davies alikuwapo, chumbani, siku uamuzi ulipohitaji mtu wa kuutekeleza.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma haya, neno langu ni fupi. Barua iliyoandikwa kwa maneno ya mwandishi wake ni taarifa, si usumbufu. NBC ilizihesabu zile barua 116,000, lakini haikujiuliza zilikuwa zinasema nini juu ya watazamaji wake. Vituo vidogo vilivyojiuliza ndivyo vilivyovuna.

Kwa mwanafunzi wangu, jibu naliweka katika tukio moja. Mwaka 1976 shirika la anga la Marekani lilikusudia kukiita chombo chake cha kwanza cha aina ya shuttle jina la Constitution. Mashabiki wakamwandikia Rais Gerald Ford kwa wingi, na Septemba mwaka huo chombo kikatolewa hadharani kikiitwa Enterprise. Ulikuwa ushindi wa haki, uliopatikana kwa kalamu. Lakini chombo hicho kiliundwa kwa majaribio ya kuruka na kutua tu. Hakikuwekewa injini, na hakikuwahi kufika anga za juu.

Ndiyo, barua zinaweza kumbadilisha nia mwenye mali. Ila kabla ya kutia saini ombi lolote, msome vizuri mnachoomba. Mashabiki wale waliomba jina, nao wakapewa jina. Injini hawakuiomba.