Mshika Kamba: Historia ya Kupanda Miamba na Kujiokoa, toka Mlima Kenya hadi Pwani ya Ziwa Tanganyika

Historia ya kupanda milima katika Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi kwa majina ya waliotangulia kufika kileleni. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller hutajwa kwa Kibo, mwaka 1889. Halford Mackinder hutajwa kwa Batian, mwaka 1899. Lakini kupanda mwamba kwa kamba ni kazi ya watu wawili, na yule atanguliaye hana usalama ila ule alioshikiwa na mwenziwe aliye chini. Makala haya yafuata habari za huyo wa pili, yaani mshika kamba. Yaonyesha kwamba ujuzi wake ulithaminiwa katika nchi hizi baada ya misiba miwili, mmoja wa Mlima Kenya na mmoja wa Gombe, karibu na Kigoma. Na kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno mengi ya kazi hiyo kabla haijajulikana huku.

Yafaa kwanza kueleza kazi yenyewe. Mtangulizi huanza kupanda akiwa na ncha moja ya kamba mwilini. Kila baada ya mita chache hutafuta ufa, akatia kabari ya chuma, akaiunganisha na pete, na kupitisha kamba ndani ya pete hiyo. Mwenziwe, aliyejifunga imara kwenye mwamba, humlegezea kamba kidogo kidogo. Mtangulizi akiteleza akiwa mita 3 juu ya kabari ya mwisho, ataanguka mita 3 hadi kuifikia, na mita 3 nyingine chini yake, kabla kamba haijakaza; na hapo hapana cha kumzuia ila kabari ile na mikono ya mshika kamba. Mwisho wa pili naye hupanda, aking'oa kabari zote njiani, na mwamba hubaki kama ulivyokuwa. Zamani, kamba zilipokuwa za nyuzi za mimea, kanuni kuu ilikuwa kwamba mtangulizi asianguke kamwe, maana kamba ingeweza kukatika. Kamba za nailoni, zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, ndizo zilizofanya kuanguka kuwe jambo ambalo mtu aweza kupona.

Kujiokoa huanzia hapo. Mtangulizi akiumia na kuning'inia, mshika kamba hawezi kumwacha wala kumsaidia, kwa kuwa mikono yake miwili imefungwa na uzito wa mwenziwe. Basi jambo la kwanza kujifunza ni kuuhamishia uzito huo kwenye nanga iliyo mwambani, ili mikono iwe huru. Chombo chake ni kitanzi cha kamba nyembamba kilichozungushwa juu ya kamba kubwa: kikivutwa hubana, kisipovutwa husogea. Fundo hilo lilitangazwa na Karl Prusik wa Austria mwaka 1931. Kwa vitanzi viwili vya namna hiyo mtu aweza kuipanda kamba kumfuata majeruhi, na kwa kamba hiyo hiyo kumteremsha. La mwisho, ambalo ndilo gumu kuliko yote, ni kujua saa ya kumwacha mwenzio na kwenda kutafuta msaada.

Katika Mlima Kenya ujuzi huu ulichelewa. Mackinder alifika Batian, kilele cha mita 5,199, pamoja na waongozaji wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Wapagazi Waafrika walibaki chini, na kamba haikuwa yao. Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walipanda Nelion na Batian mwaka 1929. Mwaka 1943 Felice Benuzzi na Waitalia wenziwe wawili walitoroka katika kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki, wakiwa na kamba walizozipata katika nyavu za katani za vitanda vyao. Walijaribu Batian wakashindwa, wakageuka. Wawili kati yao wakafika Lenana, kisha wote wakarejea kambini wazima. Kugeuka kule ni sehemu ya ujuzi wa kujiokoa kama lilivyo fundo lolote. Mwaka 1959 Kisoi Munyao alipanda kilele kikuu cha mlima huo, na mwaka 1963 akapandisha bendera ya Kenya huru mlimani humo.

Msiba wa kwanza ulitokea Septemba 1970. Madaktari wawili Waaustria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian pale jiwe alilolishika Judmaier lilipong'oka. Alianguka na mguu ukavunjika, mfupa ukatokeza nje. Oelz aliizuia kamba kwa mikono yake, nayo ikaunguza viganja. Alimfunga mwenziwe jeraha, akamweka mahali pa kujistiri, akashuka peke yake kuita msaada, kisha akapanda tena kumrudia. Wapandaji na askari wa hifadhi walikusanyika upesi, na hawakukosa ushujaa. Walilolikosa ni ujuzi mwingine: kupanda ni jambo moja, na kumshusha mtu asiyeweza kusimama katika ukuta wa mawe na barafu ni jambo jingine. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka akipeleka msaada. Zaidi ya wiki moja ilipita kabla kundi la waokoaji kutoka Innsbruck halijamshusha Judmaier. Alipona, na mguu wake haukukatwa.

Tukio hilo lilibadili mambo. Askari wa hifadhi walifundishwa uokoaji wa miambani, na kazi ya kamba ikaacha kuwa ya wageni peke yao. Ushahidi wake ni mwaka 1973, pale Thumbi Mathenge, askari wa hifadhi hiyo, alipopanda pamoja na Phil Snyder ule mfereji wa barafu uitwao Diamond Couloir, ambao haujapata kupandwa na mtu kabla yao. Kizazi kimoja tu nyuma, mtu wa cheo chake angalikuwa mpagazi.

Msiba wa pili ni wa pwani ya Ziwa Tanganyika. Mtu atokaye Rusimbi, katika mji wa Kigoma-Ujiji, akielekea kaskazini kwa mashua, baada ya kilometa kama 16 hufika Gombe. Hapo nchi hupanda kutoka ziwani, kiasi cha mita 770, hadi zaidi ya mita 1,500, katika kilometa chache tu, na mabonde yake yana magenge na maporomoko ya maji. Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe huko Julai 1960. Watafiti waliomfuata waliwaandama sokwe magengeni bila kamba, na mara nyingi kila mtu peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kijana mmoja, Ruth Davis, aliporomoka gengeni akafa, na mwili wake ulipatikana baada ya siku kadhaa. Tangu hapo ilitakiwa kila mtafiti afuatane na Mtanzania mwenyeji.

Kanuni hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo kanuni ya kamba pasipo kamba: asiende mtu ambaye hana wa kumwona akianguka. Nayo ilizaa tunda lisilotazamiwa. Wenyeji waliowekwa kuwa walinzi wa wageni walijifunza uchunguzi. Hilali Matama ndiye aliyeshuhudia Januari 1974 sokwe wa kundi moja wakimshambulia jirani yao, jambo lililostaajabisha wataalamu ulimwenguni. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakawateka wanafunzi wanne, ambao baadaye waliachiliwa. Wageni walipoondoka, wenyeji ndio walioendelea kuandika kumbukumbu za kila siku. Aliyewekwa kumshika mwenziwe alikuwa ameijua njia yote.

Limebaki jambo la lugha. Husemwa wakati mwingine kwamba kazi hii haina maneno ya Kiswahili. Lakini kabari ni ya mpasua magogo. Nanga, na amari iishikayo, ni za baharia. Kapi na henza ni za mpandisha tanga. Fundo na kitanzi ni vya mvuvi na mtega wanyama. Misafara na mashua ziliyafikisha maneno ya pwani hadi Ujiji zamani, na hapana kazi ya mshika kamba iliyo ngeni kabisa kwa mtu aliyepata kushika demani katika upepo mkali: kulegeza kwa kiasi, kukaza kwa wakati, na kutomwondolea macho mwenzi. Mwalimu atakayefundisha kujiokoa miambani kwa Kiswahili hana haja ya kuanza kwa kuazima. Na aanze kwa haya aliyonayo, kwa sababu mtu aningʼiniapo hana nafasi ya kutafsiri. Neno atakaloitiwa lapasa kuwa lile alilolizoea tangu utoto.