Hela na Kibarua

Mwezi uliopita nilifika Kigombe asubuhi, ngalawa ndiyo kwanza zinaingia. Nikachagua pweza mmoja, nikatoa simu nilipe. Mtandao hamna. Nikaizungusha huku na huku, wapi! Mama muuzaji akanitazama kwa huruma.

"Hela iko wapi, mwanangu?"

"Imo ndani ya simu, mama."

"Basi itoe."

Sikuwa na hata sarafu ya mia. Nikakaa kwenye gogo kungoja mtandao, na neno lake likanikaa kichwani. Hela ilikuwa sarafu ya Mjerumani, iliyoanza mwaka 1904. Mwenyewe aliondoka zamani, sarafu zake zikayeyuka, jina tukabaki nalo. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64, hesabu ya Kihindi, na kampuni ya Kijerumani ilianza kutoa pesa zake za shaba mwaka 1890, miezi michache tu baada ya Abushiri kunyongwa Pangani. Upande mmoja tai, upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Walijua wanafanya biashara na nani.

Hiyo 64 mimi naipenda. Igawe nusu, na nusu yake tena, mpaka ibaki moja, hakuna kinachozidi. Mtu anayegawa fungu la dagaa hahitaji kalamu. Mia ukiigawa mara mbili tu uko 25, umekwama. Najua wengine wataniona mkaidi.

Sarafu ina adha zake, tuseme ukweli. Chenji haipatikani, mwenye duka anakupa peremende. Lakini bibi yangu alizifunga kwenye pindo la kanga, na akitembea unasikia kama leo kuna sukari au hamna. Zile senti 5 na 10 za Mwingereza, zenye tundu katikati, unaweza kuzitunga kwenye uzi kama samaki.

Kadi nayo si mgeni huku kwetu. Neno kibarua lenyewe ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akionyeshe wakati wa malipo. Cheti kikawa mtu. Kisha ukaja mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikasalia hai 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Mashamba yakapanda pwani mpaka Kigombe, na yakataka watu. Mwaka 1907 serikali ya Kijerumani kule Usambara Magharibi ikawapa wanaume kadi za lazima: siku 30 za kazi kwa mzungu ndani ya miezi minne. Mwingereza naye hakuachana na kadi. Kwenye mkonge kikaendelea kipande, vyumba 30 vya siku za kazi, ukijaze ndani ya siku 42. Kikijaa, unalipwa.

Cha babu yangu hakikujaa. Bibi alikihifadhi ndani ya kopo la biskuti: vyumba 27 vina alama, vitatu vitupu. Babu alishikwa na homa, akakaa kitandani, aliporudi siku 42 zimepita. Mnyapara akamwambia kadi imekufa. Shamba silitaji. Siku 27 za kukata mkonge, miiba mpaka kwenye kope, na hakuna hata senti ya tundu.

Nilikiona siku niliyokwenda kumringia bibi kadi yangu ya kwanza ya benki. Aliigeuzageuza, akaenda kuleta lile kopo. "Hii yako nayo ina vyumba vingapi?"

Nilicheka. Julai 2021, tozo za miamala ya simu zilipoanza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, sikucheka tena. Zilipunguzwa baadaye, sawa. Ila ya kwenye fundo la kanga haikatwi ikitoka mkono huu kwenda huu.

Jua likapanda, mtandao bado. Yule mama akamfunga pweza kwenye mfuko, akanisukumia.

"Nenda naye, jua kali. Utaleta."

Akatoa daftari la shule lililolowa pembeni, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtajia bibi. Akaandika jina la bibi, si langu, akachora mstari mmoja mbele yake.