Kifaa chini ya ngozi: wagonjwa wa Marekani walipataje njia ya kudai fidia?

Leo tunaangalia historia ya kifaa kidogo na swali kubwa: kikikuumiza, nani atalipa?

Dawa za kansa ni kali, zinachosha mishipa ya mikono. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980, waganga wanaweka chini ya ngozi ya kifua kifaa kinachoitwa porti, chenye mpira mwembamba unaofika kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Kimesaidia wagonjwa wengi. Lakini mpira ukikatika, kipande kinaweza kufika moyoni ao mapafuni. Ukishika vijidudu, vinaenea katika damu.

Marekani, miaka ya 1970, wanawake wengi waliumizwa na kifaa cha kupanga uzazi kilichoitwa Dalkon Shield. Wakati huo vifaa vingi viliuzwa bila serikali kuvichunguza kwanza. Mwaka 1976 sheria ikabadilishwa, ila ikaacha mlango mfupi: kifaa kinachofanana na kilichokuwa tayari sokoni kinaweza kupita bila uchunguzi mrefu. Porti zilipita humo.

Mlango huo ndio uliokuja kuwafaa wagonjwa. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtengenezaji aliyepita mlango mfupi anaweza kushtakiwa. Mwaka 2008 ikaamua kwamba aliyepita uchunguzi mrefu analindwa na mashtaka mengi.

Mwezi wa nane 2023, kesi za porti za kampuni ya Bard, iliyonunuliwa na Becton Dickinson mwaka 2017, zilikusanywa mbele ya Jaji David Campbell katika jimbo la Arizona. Walalamikaji wanasema chumvi ya bariamu, inayochanganywa katika plastiki ili mpira uonekane kwenye radio ya hospitali, inaudhoofisha mpira huo. Kampuni inakana.

Kukusanya kesi si kuzifanya moja. Kila mgonjwa anabaki na yake, na lazima aonyeshe: aliwekewa kifaa gani, siku gani, na kilimdhuru namna gani. Asiye na karatasi anapata shida kubwa.

Kwetu Kongo pia, kifungu cha 258 cha sheria ya mwaka 1888 kinasema anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima alipe. Lakini ni juu ya mlalamikaji kuonyesha kosa, hasara, na kwamba hasara ilitoka katika kosa hilo.

Hapo ndipo vita inatuumiza mara ya pili. Anayekimbia usiku anabeba mtoto, habebi faili ya hospitali. Kwa hiyo, yeyote aliyewekewa kifaa mwilini, porti ao chuma cha mfupa, aombe karatasi yenye jina na namba ya kifaa. Apige picha, aitume kwa ndugu aliye mji mwingine. Haki inaweza kuchelewa miaka mingi. Karatasi iwe bado ipo siku hiyo itakapofika.