Uigaji wa Uchorongaji

Kwa watu wa migodini nchini Tanzania, kuchimba na kuchoronga ni kazi mbili. Uchimbaji ni shughuli nzima ya kutoa kitu ardhini. Uchorongaji ni kutoboa tundu jembamba na refu kwa biti, yaani kichwa chenye meno, inayozungushwa huku ikikandamizwa. Kazi hiyo ikitangulizwa ndani ya kompyuta, kabla mtambo haujapelekwa eneo la kazi, huitwa uigaji wa uchorongaji. Wapo wanaosema uigizaji, ila neno hilo limekwishachukuliwa na wasanii wa jukwaani.

Njia mojawapo ya uigaji huo ilianzishwa na mhandisi Peter Cundall mwaka 1971 kwa ajili ya miamba. Mwaka 1979 yeye na Otto Strack wakaifafanua kwa chembechembe kama za mchanga. Ardhi huchorwa kama maelfu ya chembe zilizogusana. Biti inapozisukuma, kompyuta hukokotoa kani katika kila mgusano, kisha kwa kanuni ya pili ya Newton hupata mwendo wa kila chembe, huisogeza kidogo mno, na kurudia hesabu upya.

Mchanga mkavu hauna gundi: hushikiliwa na uzito na msuguano tu, ndiyo maana kuta za tundu huporomoka. Kwa mwamba, chembe hufungwa kwa viungo. Kiungo kikizidiwa hukatika. Vikikatika kwa mfululizo, huo ndio ufa, na kipande hubanduka mbele ya jino la biti.

Uimara wa viungo haukisiwi. Kipande cha mwamba hukandamizwa maabarani hadi kipasuke. Jaribio hilohilo hurudiwa kwenye kompyuta, na viungo hurekebishwa mpaka mwamba wa kuigwa upasuke kwa mgandamizo uleule.

Hata hivyo, mwamba wa maabara si lazima ufanane na ule wa kilindini. Huko rasi ya Kola, Urusi, Wasovieti walianza kuchoronga mwaka 1970 na kufika mita 12,262 mwaka 1989. Walitarajia kukuta nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Wakakuta 180, na mwamba ukaanza kulegea na kulibana tundu. Programu iliyolishwa joto la matarajio ingekokotoa bila kosa, lakini kwa mwamba usiokuwepo. Kwa hiyo mteja akiletewa picha nzuri za uigaji, aulize kwanza: sampuli ilitoka kina gani, na ilijaribiwa katika joto na mgandamizo upi?