Ekzosi ya Kubadilisha: Hesabu ya Mwenye Gari la Mbio Tabora

Ekzosi ni njia nzima ya moshi, kuanzia manifodi inayoupokea kwenye silinda, bomba la mbele, masega yanayousafisha, hadi sailensa inayomeza sauti. Ekzosi ya kubadilisha ni sehemu yoyote ya njia hiyo isiyotoka kiwandani na gari, iwe imeagizwa Japani au imechomelewa gereji. Tabora gari la mbio kwa kawaida ni gari la Kijapani lililotumika: Subaru Impreza au Forester yenye turbo, au Toyota Altezza. Jina la gari halitoshi kuamua. Swali la kwanza ni kama injini ina turbo au haina.

Injini isiyo na turbo hunufaika kidogo. Bomba jipya nyuma ya masega huongeza nguvu chache za farasi, na bomba pana kupita kiasi linaweza hata kuzipunguza. Moshi hutoka kwa mapigo, na kila pigo husaidia kuvuta linalofuata. Bomba likizidi upana mwendo wa moshi hupoa, na gari huwa zito kuondoka. Tabora ina jambo lake pia. Mji uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya namna hii hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Altezza ya gia za mkono, iliyotoka kiwandani na nguvu 210, imeacha kama 20 njiani kabla fundi hajaigusa. Hakuna sailensa inayozirudisha.

Kwenye turbo mambo ni tofauti, kwa sababu moshi wenyewe ndio unaozungusha turbo. Ukiondoa kizuizi nyuma yake, turbo huamka mapema na kusukuma hewa zaidi. Faida kubwa iko kwenye bomba la mbele, lile linalopokea moshi mara tu unapotoka kwenye turbo. Sailensa ya nyuma huchangia kidogo. Hatari nayo iko hapohapo. Hewa ikiongezeka bila petroli kuongezeka, mchanganyiko hukauka, injini hugonga, na pistoni zinaweza kupasuka. Mara nyingine shinikizo la turbo hupanda kuliko lilivyopangwa, kwa kuwa mlango wa kupunguzia moshi haumudu wingi mpya. Kwa hiyo bomba la mbele linakwenda pamoja na kupanga upya kompyuta ya gari. Asiye na fundi wa kompyuta anayemwamini aliache.

Ukweli ni kwamba wengi wanatafuta sauti, na hilo si kosa. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, na mngurumo wa kukatakata wa gari lile umebaki masikioni mwa Afrika Mashariki. Asili yake si sailensa. Silinda za Subaru zimelala pande mbili, na manifodi ya zamani ilikuwa na mabomba ya urefu usiolingana, hivyo mapigo ya moshi yalikutana yakiwa yamepishana. Impreza STi za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipewa manifodi ya mabomba yanayolingana, na mngurumo ule ukapotea. Anayefunga sailensa kubwa kwenye gari la namna hiyo hununua kelele tu.

Sauti ina gharama yake safarini. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 kila sekunde, mvumo mzito ambao chumba cha abiria huupokea na kukikuza. Kwenye lami ya kwenda Nzega, iliyonyooka kupita miombo, mvumo huo haukatiki mpaka ufike kijiji chenye kibao cha 50, ambako kuna tochi ya trafiki na dereva hana budi kupunguza. Sailensa nzuri hujulikana kwa utulivu wake kwenye mwendo wa safari, na ajaribuye gari akiwa amesimama gereji hawezi kuujua.

Nje ya gari wapo wengine. Desibeli 10 zikiongezeka, sikio husikia kama kelele imezidi maradufu. Kutangaza ujio kwa kelele si jambo geni Tabora: misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo iliingia Unyanyembe, eneo la mji huu, kwa ngoma, baragumu na milio ya bunduki ili mji ujue nani amefika. Lakini msafara ulifika mara moja ukapumzika, ilhali gari hupita mtaa wa Isevya kila usiku, na wagonjwa wa hospitali ya Kitete nao wanataka kulala. Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Masega yasiondolewe. Ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini ya thamani, ndiyo maana wanunuzi hawakosekani na fundi hushauri kwa moyo mweupe kwamba “yanabana gari”. Yakitoka, taa ya cheki injini huwaka na moshi hunuka. Kiungo kilichochomelewa vibaya ni kibaya zaidi: gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na ikivuja chini ya sakafu humlewesha dereva bila yeye kujua.

Kuhusu bomba lenyewe, chuma cha pua hudumu kuliko chuma cha kawaida, ambacho hushika kutu kwa ndani kutokana na maji yanayobaki safari zikiwa fupi. Kimo chake kutoka ardhini nacho kipimwe gari likiwa na abiria wanne, si likiwa tupu, maana matuta ya mjini hayajui bei ya sailensa. Ekzosi ya kiwandani iwekwe stoo. Mnunuzi wa kesho ataiulizia.