Majirani wa Freretown

Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO pendekezo la kuitambua njia ya kati ya utumwa na pembe za ndovu kama urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kilimatinde ni ya kwetu, wilayani Manyoni, mkoani Singida. Ukiiacha na kuelekea magharibi unaingia kwenye lile pori ambalo misafara ililiita Mgunda Mkali, na jina linajieleza lenyewe.

Kwa kuwa njia imepita kwetu, tumezoea kusimulia utumwa kama habari ya safari. Kuna kutekwa, kuna minyororo, kuna pori, kuna pwani na soko. Halafu inakuja meli ya Waingereza, mtu anaachwa huru, hadithi inaisha na watoto wanafunga daftari. Mimi ninachotaka kukijua ni cha siku ya pili. Huyu mtu aliyeachwa huru alipelekwa wapi? Na wenye mtaa walisemaje walipomwona?

Swali hili limenijia kwa sababu ya kazi yangu. Mwandishi wa habari wa mkoani hukaa kwenye mikutano mingi ya mitaa na vijiji, na ajenda zinazowasha moto kama hii ni chache: fulani amenunua nyumba, anataka kufungua kituo cha watoto wa mitaani, au cha wazee, au cha watu waliokuwa wanatumia dawa za kulevya. Kwenye mikutano hiyo hutamsikia mtu akisema hapendi yatima. Wote wanawapenda, wengine wameshawahi hata kuchangia sabuni na unga. Wanachouliza ni kwa nini kituo kiwe hapa. Maji yenyewe hayatoshi. Wizi utaongezeka. Thamani ya viwanja itashuka. Na kwa nini hatukuulizwa mapema?

Nimesoma historia ya vituo vya aina hii Afrika Mashariki, na mgogoro mmoja umenishika kuliko yote. Ulitokea Mombasa, miaka ya 1870 na 1880, na mtaa wenyewe ni Freretown.

Tuanze na chanzo. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akibanwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini na kulifunga soko la watumwa la Zanzibar. Zingatia hapo: kilichokatazwa ni kuwasafirisha na kuwauza sokoni. Kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali. Zanzibar na Pemba hali hiyo ilibadilishwa kwa sheria mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na huku kwetu Tanganyika mwaka 1922.

Manowari za Kiingereza zilipokamata jahazi lenye watumwa, palitokea shida ya kawaida kabisa: watu hawa wawekwe wapi? Kuwarudisha kwao kulikuwa kugumu, maana wengi walitoka mbali bara, wengine tangu utotoni. Miaka ya nyuma walipelekwa Aden, Bombay, Shelisheli. Bagamoyo mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa na kijiji chao cha waliokombolewa tangu mwaka 1868. Zanzibar misheni ya Waanglikana ilinunua shamba Mbweni mwaka 1871. Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani, aliyaona haya na akashauri makazi ya namna hiyo yaongezwe.

Basi Church Missionary Society wakamtuma William Salter Price, aliyekuwa ameendesha kituo cha Waafrika waliokombolewa karibu na Nasik, India. Alifika Mombasa mwishoni mwa 1874, akanunua ardhi Kisauni, upande wa bara, ng'ambo tu ya mkono wa bahari ukiwa kisiwani, na mahali pakaitwa Freretown kwa heshima ya Frere. Wakazi wa kwanza walikuwa Waafrika waliosomeshwa India, mafundi na walimu, ambao watu waliwaita Wabombay. Mwaka 1875 manowari zikaanza kushusha watu kwa mamia, wengi wakiwa wametoka kusini, pande za Ziwa Nyasa.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu wa Mombasa wa wakati ule. Una shamba la minazi na mtama Kisauni au Mtwapa, na wanaolilima ni watumwa wako. Dini unavyoielewa inakuruhusu, Sultani anakuruhusu, na hata balozi wa Uingereza kule Zanzibar anakiri kwamba ni halali. Halafu jirani yako mpya anajenga nyumba, anagawa vishamba, anafundisha kusoma, na kila anayeishi pale ni mtu aliyekuwa mtumwa jana na leo si mtumwa. Mpaka wenyewe ni njia ya miguu tu. Mtumwa wako jioni akiwa amechoka anasikia kengele ya misheni inalia. Unadhani atawaza nini?

Alichowaza ndicho kilichotokea. Watoro walianza kuja. Wenye mashamba wakalalamika kwamba misheni inawaibia mali yao, na kwa sheria ya wakati ule walikuwa na hoja. Mwaka 1880 hali ilichafuka hadi ikasemwa kuwa Freretown itashambuliwa, na balozi John Kirk akalazimika kuja kutuliza. Aliwakumbusha wamisionari kwamba hawana haki ya kuwaficha watumwa wa watu. Misheni ikaahidi kutopokea watoro.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho polepole. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watumwa iliahidi kumfungia mlango mtumwa, kwa sababu huyu alikuja kwa miguu yake mwenyewe badala ya kuletwa na meli.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema majirani walikuwa wabaya. Lakini kuna upande mwingine, na haki ni kuusema. Freretown ilikuwa mji ndani ya mji. Ilikuwa na sheria zake, mahakama yake, adhabu zake. Msimamizi wake, J. R. Streeter, mtu asiye kasisi, aliwachapa viboko na kuwafunga hao hao waliokuja kuwa huru. Mwaka 1881 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza alikwenda kuchunguza, na Streeter akaondolewa. Kwa hiyo mtu wa Mombasa aliyeuliza "kule ndani kunaendelea nini?" hakuuliza upuuzi, hata kama sababu yake ya kuuliza ilikuwa mbaya. Nyumba ya hisani isiyotazamwa na mtu wa nje inaweza kugeuka gereza, na hili bado tunaliona kwenye vituo vya leo ambavyo ofisa ustawi wa jamii huvikuta vimefurika watoto bila kibali wala choo cha maana.

Wakati Freretown inaweka ahadi, watoro walijitafutia njia. Wapo waliokwenda Fuladoyo, kijiji kilichoanzishwa na Wagiriama Wakristo. Mwaka 1883 kilivamiwa na watu wa pwani, na kiongozi wake, David Koi, akauawa. Wapo waliokwenda Rabai, kituo kingine cha misheni bara ya Mombasa, alikokuwapo William Jones, mmoja wa wale Wabombay, ambaye utumwa aliujua mwilini mwake. Huko vibanda viliongezeka mwaka hadi mwaka.

Mwishoni mwa 1888 alifika George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imepewa hati ya kutawala eneo hilo. Alikuta watoro zaidi ya 1,400 kwenye vituo vya misheni, wengi wao wakiwa Rabai, na wenye mali wakidai watu wao kwa hasira. Alitatua kifanyabiashara. Wenye watumwa walilipwa dola 25 kwa kila mtoro, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru pale Rabai. Amani ikarudi na kila upande ukamsifu Mackenzie.

Ukiangalia hesabu, aliyelipwa ni yule aliyefanyiwa kazi bure miaka yote. Aliyefanya kazi alipewa karatasi. Sisemi karatasi ile ilikuwa ndogo. Kwa mtu aliyekuwa analala akisubiri kukamatwa, ilikuwa kubwa kuliko fedha. Ila tazama waliokaa mezani: kampuni, misheni, balozi, wenye mashamba. Miaka kumi na nne ya mabishano kuhusu watu hawa waishi wapi, na wao wenyewe hawana kiti kwenye mkutano. Neno lao tunalisoma kwenye miguu yao tu, walikokimbilia.

Sauti yao ilikuja kuandikwa baadaye sana. Mwaka 1934 ilichapishwa London kazi ya James Mbotela, *Uhuru wa Watumwa*, ambayo wapenzi wa fasihi ya Kiswahili mnaijua, angalau kwa jina. Mbotela alikuwa mwalimu, mtoto wa Juma Mbotela, mtumwa aliyekombolewa baharini na kuletwa Freretown. Wahakiki wengi hawakukipenda kitabu hiki. Wamesema, na ni kweli, kwamba kinawasifu Waingereza kupita kiasi. Tukikipima kwa kipimo cha uzalendo wa miaka ya sitini, kinafeli.

Lakini nikikisoma nikiwa nimeujua ule mgogoro wa majirani, nakielewa kwa namna nyingine. Mbotela aliandika kutoka mtaa ambao uhalali wake wa kuwepo pale ulihojiwa tangu siku ya kwanza. Kwa Wamijikenda, watu wa Freretown walikuwa wageni. Kwa wenye mji wa Mombasa, walikuwa watumwa waliobadilishiwa dini. Mtu wa namna hiyo akisimulia jinsi wazee wake walivyofika, anajibu swali la jirani: nyinyi mmetoka wapi na mnafanya nini hapa? Sifa kwa aliyewaleta ni sehemu ya jibu, kama vile mpangaji anavyotaja jina la mwenye nyumba akiulizwa na mjumbe. Inaweza kutuudhi, lakini ina sababu yake.

Ukoo huo haukuishia kwenye kitabu. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Freretown mwaka 1940 na kufariki Februari 2025, alikuwa mtangazaji ambaye sauti yake ilijulikana Kenya nzima na kuvuka mipaka. Kipindi chake kilichodumu miongo mingi kiliitwa *Je, Huu ni Ungwana?* Alikuwa anauliza kuhusu mambo madogo ya adabu: mtu anayetema mate njiani, anayeingia nyumba ya watu bila hodi, na kadhalika.

Neno lenyewe halina udogo. Pwani ya zamani, mwungwana hakuwa tu mtu mwenye adabu. Alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, mwenye ukoo unaojulikana na mji. Kisauni ya mwaka 1880, Juma Mbotela na wenzake hata wangekuwa na adabu kiasi gani, wenye mji wasingewaita waungwana. Kizazi hadi kizazi, mtu wa ukoo ule ule akawa ndiye anayeketi redioni na kuwauliza watu wote, wakiwemo wajukuu wa wenye mashamba, kama wanayoyafanya ni ya kiungwana. Sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kulichukulia jina la kipindi hivyo. Mimi kila nikilisikia nalisikia hivyo.

Kengele ya Freretown ingali pale karibu na Nyali, na njia panda yake inaitwa Kengeleni. Inasimuliwa kwamba iligongwa kuwaonya wakazi pale wakamata watumwa walipokaribia. Daladala za kule, wanaziita matatu, zinapaita jina hilo siku nzima, na abiria wengi wanashuka bila kuwaza. Mtaa uliotaka kuvamiwa umekuwa jina la kituo cha basi. Majirani wamezoeana.

Kwa hiyo nikikaa tena kwenye mkutano wa mtaa, mwenyekiti akiruhusu hoja kuhusu kituo kinachotaka kufunguliwa, hoja za majirani nitaziandika zote, za maji, za choo, za kibali, maana nyingine ni za kweli na Streeter ni ushahidi. Nitamwandika na mfadhili. Halafu nitauliza kama yupo hata mmoja wa hao watakaoishi humo aliyeitwa kusema anataka kuishi wapi. Asipokuwepo, hilo nalo ni la kuandikwa kwenye habari, tena lisiwekwe kwenye aya ya mwisho.